Gari Kuukuu la Misheni na Mikono Iliyoliweka Barabarani

Sura zilizotangulia za kitabu hiki zimeeleza habari za watu waliohubiri, waliofundisha na waliojenga. Sura hii inahusu chombo. Hata hivyo msomaji asidhani kwamba tumeiacha historia ya Kanisa na kuingia katika mambo ya gereji. Katika Nyanda hizi za Juu Kusini, ambako mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, kazi ya injili, ya zahanati na ya shule kwa miaka mingi ilitegemea swali moja dogo lililoulizwa kila alfajiri: je, gari limewaka?

Katika picha za kale za vituo vya misheni hukosi kuona Land Rover imesimama mbele ya kanisa au nyumba ya mmisionari. Maandishi chini ya picha hutaja jina la mmisionari na mwaka aliofika. Yule aliyesimama pembeni akiwa na spana mkononi, kama ametajwa, huitwa "msaidizi". Nia ya sura hii ni kumtazama huyo msaidizi. Nitajaribu kuonyesha kwamba gari kuukuu lilidumu pale ambapo ujuzi wa kulitunza ulihama kutoka kwa mgeni na kukaa kwa mwenyeji. Na pale ujuzi huo ulipopuuzwa, hata gari jipya lilikufa mapema.

NJIA KABLA YA MAGURUDUMU

Wamisionari wa Chama cha Misheni cha Berlin, waliofika upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa mwaka 1891, walipanda milima hii kwa miguu. Mizigo yao, tangu vitabu na dawa hata vyombo vya nyumbani, ilibebwa na wapagazi. Hao ndio watu wa kwanza walioibeba kazi hii mabegani mwao bila majina yao kuandikwa.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, nchi ikatoka mikononi mwa Wajerumani na kuwa chini ya Waingereza. Barabara za magari zikaanza kuchimbwa kidogo kidogo, nyingi zikiwa za udongo mtupu. Vita ya Pili ilipoanza mwaka 1939, wamisionari wa Kijerumani waliwekwa kizuizini na kuondolewa katika vituo vyao. Baada ya vita hiyo kazi ya kusini iliendelezwa pamoja na ndugu kutoka Uswidi na Ufini. Hawa walikuja katika zama nyingine. Vituo vilikuwa vimeongezeka, zahanati zilihitaji dawa, shule zilihitaji kukaguliwa, na mtu mmoja alitakiwa kuonekana mahali pengi kwa juma moja. Miguu peke yake haikutosha tena.

GARI LENYEWE

Gari lililokuja kuitwa "gari la misheni" halikubuniwa kwa ajili ya misheni. Mhandisi Maurice Wilks wa kampuni ya Rover ya Uingereza alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, na huko alitumia gari la Jeep lililobaki kutokana na vita. Alipotafuta gari la kuchukua nafasi ya lile, akaona ni afadhali kampuni yake itengeneze lake yenyewe. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa hadharani Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Kwa kuwa chuma kilikuwa kikigawiwa kwa kipimo Uingereza baada ya vita, bodi yake ilifanywa kwa mabati ya alumini, na chasisi ikabaki ya chuma.

Jambo hilo lililotokana na uhaba likawa baraka katika nchi za mvua, kwa maana alumini haipati kutu kama chuma. Lakini pia liliwadanganya wengi. Mtu aliweza kuona bodi imesimama imara, asijue kwamba chasisi chini yake inaliwa pole pole na tope lililojaa ndani ya pembe zake. Fundi mzoefu hakuanza kulitazama gari kwa juu. Alilala chini, akagonga chasisi kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Chuma kizima hulia. Chuma kilichooza hujibu kwa sauti nzito, kama mtungi wenye ufa.

Toleo la pili la gari hilo lilianza mwaka 1958, na la tatu likaja mwaka 1971 likaendelea hadi 1985. Yalikuwapo mafupi yenye inchi 88 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na marefu yenye inchi 109. Hayo marefu ndiyo yaliyopendwa vituoni, kwa sababu yaliweza kubeba mgonjwa amelala, mabati ya kuezekea, au kwaya nzima iliyobanana. Injini iliyozoeleka ilikuwa ya lita 2.25, ya petroli tangu 1958 na ya dizeli tangu 1961. Ile ya petroli haikukandamiza mafuta kwa nguvu nyingi, hivyo ilivumilia petroli hafifu. Betri ikiisha nguvu, gari liliwashwa kwa hendeli kwa mbele. Mabati ya bodi yalifungwa kwa boliti, hata bawa likipondeka lilifunguliwa peke yake bila kugusa mengine.

Karibu na dereva kulikuwa na fimbo mbili zaidi ya ile ya gia. Yenye kirungu cha njano ilisukumwa chini ili magurudumu ya mbele nayo yavute. Yenye kirungu chekundu ilileta gia nzito za kupandia milima na kutokea matopeni. Watoto wengi wa vituoni walizijua rangi hizo mbili na kazi zake kabla ya kujua kusoma.

KUISHI UGENINI NA GARI LILILOCHOKA

Tufikirie sasa hali ya mmisionari mwenyewe. Amesomea theolojia, uuguzi au ualimu, hakusomea ufundi. Ametoka katika nchi ambako gari likiharibika hupelekwa kwa wenye kazi yao. Anajikuta mahali ambapo duka la vipuri liko safari ya siku moja au mbili, na kipuri kisipopatikana huko huagizwa kwa barua, kisha husafiri kwa meli. Majuma hupita, pengine miezi. Na gari alilokabidhiwa si jipya. Mara nyingi limekwisha kuwatumikia watangulizi wake wawili au watatu.

Zaidi ya hayo, gari hilo lilikuwa geni hata kwake. Boliti za Land Rover za zama hizo zilipimwa kwa inchi, ilhali Mswidi na Mfini wamezoea milimita. Spana waliyotoka nayo kwao hukaribia kuenea lakini haienei, na mwisho wake ni kuviringisha kichwa cha nati. Kitabu cha maelekezo kimeandikwa kwa Kiingereza. Mmisionari husoma Kiingereza akifikiri kwa Kiswidi, humweleza fundi kwa Kiswahili, na fundi humgeukia mwenzake chini ya gari na kumwambia kwa Kibena au Kikinga ashike wapi. Kwa njia hiyo maneno kama klachi, breki, gasketi, springi, difu na rejeta yakawa Kiswahili cha kila siku vijijini kwetu.

Wale waliofanikiwa kuliendesha gari kuukuu mwaka hadi mwaka walikuwa na desturi zinazofanana, na zinastahili kuandikwa. Kwanza, waliweka sanduku la vipuri ndani ya gari na jingine nyumbani: mkanda wa feni, plagi, platini, gasketi ya kichwa cha injini, mipira ya maji, oili sili, jani la springi na shafti ya nyuma. Pili, walitenga siku moja katika juma, aghalabu Jumamosi, ya kuosha gari kwa chini, kutia grisi, kupima oili ya injini, ya giaboksi na ya difu, na kukaza boliti za springi, ambazo barabara mbovu huzilegeza. Tatu, waliandika. Daftari la gari lilionyesha oili ilibadilishwa lini, maili ngapi zilikuwa zimekwenda, nini kilivunjika na wapi. Mmisionari aliporudi kwao kwa likizo, aliyemfuata aliweza kusoma tabia za gari lile kama vile daktari anavyosoma kadi ya mgonjwa.

Lakini Jumamosi hizo hakuwa peke yake. Alikuwapo kijana aliyeajiriwa kuosha gari au kufuatana nalo kama utingo. Leo anashika taa, kesho anapitisha spana, mwaka ujao anafungua breki mwenyewe. Mmisionari alikaa kipindi chake akaondoka, akaja mwingine asiyejua kwamba gari hili likipanda mlima huchemsha, au kwamba gia ya pili huruka. Aliyejua ni yule kijana. Ni sahihi kusema kwamba baada ya muda si mrefu mgeni ndiye aliyefundishwa na mwenyeji.

SHAFTI ILIYOVUNJIKA

Nitoe mfano mmoja wa kazi yao ili vijana wetu, waliozoea magari ya siku hizi, wapate kuielewa.

Udhaifu uliojulikana wa Land Rover za zamani ulikuwa shafti za nyuma, yaani vyuma viwili vinavyopeleka nguvu kutoka katika difu hadi kila gurudumu. Gari likiwa limebeba sana, dereva akiachia klachi kwa ghafula mahali pa tope au mawe, shafti moja hukatika. Husikika mlio mmoja mkavu, kisha injini hunguruma na gari halisogei. Kwa magari mengi huo ungekuwa mwisho wa safari. Kwa gari hili ulikuwa mwanzo wa kazi ya muda wa saa moja.

Uzito wa gurudumu katika gari hili haukubebwa na shafti, ulibebwa na kasha la ekseli. Kwa hiyo fundi alifungua boliti za kitovu cha gurudumu akaivuta shafti nje, na gurudumu likabaki mahali pake. Kipande kilichobaki ndani alikivua kwa waya au bomba jembamba, maana kikiachwa kingeweza kuharibu difu. Ikiwa sanduku la vipuri lina shafti nyingine, aliiingiza na safari ikaendelea. Ikiwa haina, alisukuma chini kirungu cha njano, magurudumu ya mbele yakashika kazi, na gari likaenda nyumbani taratibu likivutwa kwa mbele.

Hapo palikuwa na hatari ambayo kitabu cha maelekezo hakikuisisitiza, nayo mafundi waliijua. Breki ya mkono ya gari hili haikushika magurudumu yenyewe. Ilishika propela shafti inayokwenda nyuma. Shafti ya gurudumu ikiwa imekatika, breki hiyo yaweza kufungwa kabisa na bado gari likaondoka lenyewe mteremkoni. Kwa sababu hiyo utingo wa milima hii aliruka chini na jiwe mkononi hata kabla gari halijasimama. Mgeni aliyeona jambo hilo aliweza kudhani ni ushamba. Ulikuwa ujuzi, na uliokoa maisha ya watu.

MGENI APEWA JEMBE

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Gari hili nalo lilikuwa mgeni, na kwetu lilipewa jembe kwa namna mbili.

Namna ya kwanza ni kwamba halikubaki kuwa gari la kumbeba mmisionari peke yake. Lilibeba mama wajawazito usiku, maiti waliorudishwa kwao, mbegu, mifuko ya saruji, wainjilisti na baiskeli zao. Mambo hayo yalilichosha kuliko safari za vikao. Kila aliyelipakia mzigo alipaswa kukumbuka kwamba atakayelala chini yake kesho ni mtu, tena ni jirani yake.

Namna ya pili ni ya kushika kwa mkono. Milima hii ilikuwa na wahunzi kabla ya misheni yoyote. Wakinga walijulikana kwa majembe yao, ambayo yaliuzwa hata kwa majirani zao Wanyakyusa, na Wapangwa nao walijua kuyeyusha chuma kutoka katika mawe. Mahali penye watu wanaoujua moto na nyundo, chuma cha mgeni hakibaki kigeni muda mrefu. Jani la springi lililovunjika halikutupwa. Kipande kirefu kilikatwa kikawa jani fupi la kuongezea chini ya mengine. Kipande kifupi kikawa panga au jembe, kwa kuwa chuma cha springi ni kigumu na hushika makali. Land Rover iliyotengenezwa Solihull, Uingereza, ikaishia kwa sehemu yake kulima viazi na ngano huku kwetu.

Tusiwasifu mafundi kwa mambo yasiyostahili sifa, hata hivyo. Kulikuwa na matengenezo ya njiani na matengenezo ya kweli. Tangi la mafuta likitoboka, kipande cha sabuni ya mche kilisuguliwa penye tundu na mafuta yakaacha kuvuja. Tairi ikipasuka na hakuna tyubu, ilijazwa majani makavu yakashindiliwa. Mkanda wa feni ukikatika, ukanda wa mpira ulifungwa mahali pake. Mambo hayo yalikuwa ya kufikia nyumbani. Fundi mwema akifika aliitoa sabuni, akalikausha tangi na kulipeleka likazibwe ipasavyo. Fundi mvivu aliiacha, na mkuu wa kituo asiyetaka gharama alifurahi kuiacha. Gari likaanza kuishi kwa sabuni. Magari mengi tuliyoambiwa kwamba yalikufa kwa uzee, kwa kweli yalikufa kwa matengenezo ya njiani yaliyofanywa kuwa ya kudumu.

MIAKA YA UHABA

Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lilipoundwa tarehe 19 Juni 1963 kwa kuunganisha makanisa saba, uongozi ulizidi kuwa mikononi mwa wananchi, na magari ya misheni yakawa ya Kanisa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliifanya kujitegemea kuwa lugha ya taifa zima. Mwaka 1971 Mchungaji John Gatu wa Kanisa la Presbiteri la Kenya alitoa wito kwamba makanisa ya Kaskazini yasitishe kwa muda kuleta wamisionari na fedha, ili makanisa ya Afrika yasimame kwa miguu yao. Wengi walijadili wito huo kwa hoja za theolojia. Karakana za vituo zilikuwa karibu kuujaribu kwa vitendo.

Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda duniani kote. Mwezi Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Walioizoea njia ya kununua vipuri Nairobi wakaikosa. Katika miaka ya 1978 na 1979 taifa lilipigana vita ya Kagera, na fedha za kigeni zikaadimika zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, ili kuokoa mafuta. Sisi tuliosomea uchungaji katika miaka hiyo tunakumbuka jinsi ratiba ya ibada za mitaani ilivyopangwa kwa kuitazama saa hiyo, na jinsi mtu alivyouliza habari za mafuta kabla ya kuuliza habari za mahubiri.

Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, ilitusaidia kwa kuwa inapita Makambako, na barabara kuu ya kwenda Zambia ilikwisha kuwekwa lami. Lakini njia nzuri haileti kipuri ambacho hakipo nchini. Ndipo mafundi wetu walipoonekana thamani yao. Magari mawili yaliyokufa yaliunganishwa likapatikana moja zima. Beringi zilioshwa kwa mafuta ya taa, zikakaguliwa chembe kwa chembe, zikarudishwa. Gasketi za kifuniko zilikatwa kwa mkasi kutoka katika karatasi ngumu. Oili chafu ilipakwa chini ya chasisi kuzuia kutu. Mmisionari aliyekuwa bado yupo aliweza kuandika barua kwao na pengine kipuri kikaja ndani ya kontena pamoja na nguo na vitabu. Asiyekuwa na mtu wa kumwandikia, yaani mchungaji au mganga mzalendo, alimtegemea fundi peke yake.

Tukitaka kusema ni lini kazi hii ilianza kuwa yetu hasa, wengine wataitaja siku ya kuwekwa wakfu kwa askofu au mchungaji wa kwanza mzalendo, nao watakuwa na haki. Mimi ningeiongezea hiyo miaka ya uhaba, wakati ambapo gari la mgeni lilikataa kufa kwa sababu mwenyeji alikataa life.

ZAWADI ZISIZOFANANA

Uhaba ulipopungua, zikaja zawadi. Tunamshukuru Mungu na tunawashukuru ndugu waliotoa. Lakini historia ya kweli haina budi kusema lililotokea katika dayosisi nyingi. Kila rafiki alitoa gari alilolijua kwao au lililopatikana kwa bei nzuri. Mmoja alileta Unimog ya Kijerumani, mwingine Land Rover mpya, mwingine Toyota Land Cruiser, mwingine lori lililostaafu. Karakana moja ikajikuta na magari matano ya aina tano, na shafti ya hili haiingii katika lile. Yale mawili yaliyokufa hayakuweza tena kuzaa moja lililo hai.

Aidha, zawadi ya gari ilikuja mara nyingi bila bajeti ya kulitunza. Baraza lilikuwa tayari kushangilia funguo mpya kwa nyimbo, lakini lilisitasita kupitisha fedha za oili, tairi na mshahara wa fundi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi tumejenga kuta nyingi kwa harambee. Fundi mzoefu alipostaafu, hakuna kijana aliyewekwa chini yake kujifunza. Daftari la gari likakoma kuandikwa. Gari la miaka minne likawekwa juu ya mawe, huku mtaa wa jirani ukiendelea kutumia la miaka ishirini na mitano.

Kutengeneza Land Rover ya muundo ule wa zamani, iliyokuja kuitwa Defender, kulikoma Solihull tarehe 29 Januari 2016. Zilizobaki bado zinapanda milima yetu zikibeba abiria na magunia, na kaskazini kwetu, katika mikoa ya Arusha na Manyara, zingali zikifanya kazi hiyo hiyo. Magari mapya yana umeme na kompyuta ndani yake. Taa nyekundu ikiwaka, fundi wa kijijini hana kifaa cha kuliuliza gari linaumwa nini. Kwa namna fulani tumerudi pale alipoanzia mmisionari wa miaka ya 1950: tuna chombo tusichokijua, na ujuzi wake uko mbali. Tofauti ni kwamba safari hii ugeni ni wetu ndani ya nchi yetu wenyewe.

MAMBO MATATU YA KUAMUA

Baraza la Wazee limeomba kila sura ya kitabu hiki imalizike kwa neno la kuutazama mwaka wa kwanza wa miaka mia ijayo. Nina maneno matatu, na yote yanawezekana.

La kwanza ni majina. Bado wako hai wazee waliofanya kazi katika karakana za vituo, na wajane na watoto wa wale waliokwisha kulala. Kamati ya historia iwatembelee mapema, iandike majina yao na magari waliyoyatunza, na picha zetu za zamani zipewe maandishi mapya yanayomtaja kila aliyesimama ndani yake. Neno "msaidizi" halitoshi kuwa jina la mtu.

La pili ni mwanafunzi. Kila mahali Kanisa linapokuwa na gari au jenereta, awepo kijana anayejifunza chini ya fundi, kwa posho inayoeleweka, pamoja na daftari linaloandikwa na kukaguliwa na mzee wa usharika. Vijana wenye akili za kompyuta tunao. Wapelekwe wakajifunze magari ya sasa kama wale wa zamani walivyojifunza ya kale, yaani kwa kulala chini yake.

La tatu nalisema kwa heshima kwa Baba Askofu na kwa ndugu zetu wa sharika rafiki. Mnapokusudia kutusaidia kwa chombo, tuulizeni kwanza mafundi wetu wanakijua chombo gani na vipuri vyake vinapatikana wapi. Nasi tusipokee funguo mpaka tumeonyesha fungu la kukitunza kwa miaka mitano, limepitishwa na kikao na kuanza kuchangwa. Zawadi ya namna hiyo haitapungua heshima yake. Itadumu muda mrefu kuliko shangwe za siku ya kuipokea.

Gari kuukuu la misheni halikuwa gari bora kuliko yote. Lilivuja oili, lilikuwa na baridi asubuhi na joto mchana, na lilichemsha kila mlima. Lakini liliweza kufunguliwa, kueleweka na kufungwa tena na watu waliokuwapo. Miaka mia moja ya kwanza ilitukabidhi magari, majengo na mashine. Mwaka huu wa jubilei tumebakiwa na kazi ya kuwakabidhi wanetu ule ujuzi wa kuvitunza, pamoja na majina ya walioutunza kabla yao.